Kisiki Bado Kina Uhai

(Muziki wa kufungua. Muziki unashuka taratibu.)

Nakusalimu wewe uliyeko Nyarugusu, Tanzania. Nakusalimu wewe wa Nakivale, Uganda, wewe wa Mahama, Rwanda, na wewe wa Kakuma, Kenya. Na wewe ambaye betri ya redio imekuishia, ukakaa chini ya mti na wenzako kusomewa maandishi haya, karibu pia. Hujakosa kitu.

Leo nataka tuanze jikoni.

Jioni inaingia. Posho ya mwezi huu umeshaipokea, nayo ni ndogo kuliko ile ya mwezi uliopita. Maharagwe yapo, unga upo, lakini mafiga yamekaa baridi kwa sababu kuni hakuna. Waliotangulia kufika kambini watakuambia kwamba zamani kuni ziliokotwa nyuma ya nyumba tu. Baadaye ukawa mwendo wa saa nzima. Leo mama anatoka alfajiri, anarudi jua likiwa utosini. Njiani anaogopa mambo mawili: wanaume waliojificha vichakani, na mwenye shamba atakayemsimamisha na kumwuliza, "Nani amekuruhusu kukata hapa?"

Mzigo ule wa kuni una mambo mengi ndani yake. Kuna njaa. Kuna usalama wa mama zetu na binti zetu. Kuna ugomvi na wenyeji. Kuna ardhi iliyobaki wazi, ambayo mvua ikinyesha inachimbwa makorongo mpaka milangoni petu. Na kwa sisi Wakristo kuna swali jingine, ambalo nimelisikia mara nyingi likisemwa kwa sauti ya chini baada ya ibada: "Je, Mungu amepasahau mahali hapa? Na kama hajapasahau, mimi nifanye nini wakati ninasubiri?"

Mimi mwenyewe nimelala chini ya shitingi. Najua joto lake mchana na kelele zake usiku wa mvua. Kwa hiyo sikuja kukuambia uvumilie. Neno hilo umelisikia vya kutosha. Nataka tuzungumze juu ya tumaini lenye kazi ya kufanya kesho asubuhi.

(Muziki mfupi.)

Katika Biblia wapo watu waliotolewa kwao kwa nguvu na kupelekwa nchi ya kigeni. Ni watu wa Yuda waliopelekwa Babeli. Wakati ule walikuwapo manabii wawili waliosema maneno yasiyolingana. Wa kwanza ni Hanania. Utamkuta katika Yeremia sura ya 28. Yeye alitangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi kama zamani na waliochukuliwa watarudi nyumbani. Miaka miwili tu! Hebu fikiri jinsi maneno yale yalivyokuwa matamu masikioni.

Wa pili ni Yeremia. Aliposikia ahadi ya Hanania, alijibu, Amina, Bwana na afanye hivyo. Hakuwa na moyo mgumu. Naye alitamani watu warudi kwao. Lakini alijua kwamba ahadi ile ilikuwa ya uongo. Ndipo akawaandikia barua wale waliokuwa uhamishoni, nayo iko katika sura ya 29. Aliwaambia watakaa kule muda mrefu, miaka sabini. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuozesha watoto wao. Kisha akawaambia jambo lililokuwa gumu zaidi: wautafutie amani mji ule ule walikopelekwa na wauombee, kwa sababu mji ukiwa na amani, na wao watakuwa na amani.

Angalia kwamba Yeremia hakuwaambia wasahau kwao. Ahadi ya kurudi ipo ndani ya barua ile ile. Mtu anaweza kupanda mchicha hapa na bado akalia kwa ajili ya Uvira, Fizi, Makamba au Ruyigi. Bustani haifuti machozi, na machozi hayazuii bustani.

Hanania hajafa, ndugu zangu. Bado anatembelea kambi. Siku hizi anakuja na spika kubwa na suti. Anasema, "Panda mbegu ya elfu kumi, na jina lako litatoka kwenye orodha ya kwenda Marekani au Kanada." Mama ameuza sehemu ya posho ya watoto kupata elfu kumi ile. Anaitoa. Jina halitoki. Akiuliza, anaambiwa imani yake ni ndogo. Naomba niseme wazi ili asiwepo wa kupotea: nafasi ya kuhamia nchi ya tatu haiuzwi. Anayekudai fedha kwa ajili hiyo, awe mhubiri au awe karani, anakuibia. Imani yako haina kasoro kwa sababu ndege haikuja.

Liko pia kosa la upande wa pili. Hili ni la mtu aliyechoka. Anasema, "Hapa si kwetu. Nipande mti wa nini? Ukue uwafae wengine?" Huyu simlaumu haraka. Aliwahi kuwa na migomba, kahawa na michikichi iliyopandwa na babu yake, akaiacha yote usiku mmoja. Lakini akiishi miaka ishirini bila kutia mkono wake katika kitu chochote kinachokua, moyo wake nao utaanza kukauka. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wapo waliozaliwa pale na sasa wana watoto wao wenyewe. Watoto hao hawajui mahali pengine. Ardhi hii ndiyo waliyoanza kutambaa juu yake.

(Muziki mfupi.)

Wengine hueleza taabu hizi kwa neno moja: adhabu. Mwezi Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ikafurika, udongo na mawe vikashuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Kabla ya hapo, Aprili 2020, mafuriko yaliharibu sehemu za mji wa Uvira, na mwezi huo huo maji ya mto Rusizi yaliingia katika nyumba za watu Gatumba, Burundi. Huenda wewe unayenisikiliza una ndugu aliyepotea katika mojawapo ya misiba hiyo. Na huenda ulimsikia mtu akisema, "Sijui walikuwa na dhambi gani."

Yesu alikutana na maneno kama hayo. Katika Luka sura ya 13 anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu kumi na wanane. Akawauliza wasikilizaji wake: Je, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageukia wao akawaambia watubu. Hakuwaruhusu kuwahukumu wafu, na hakuwaruhusu kwenda zao kama walivyokuja.

Mara baada ya hapo Yesu akasimulia habari ya mtini ambao kwa miaka mitatu haukuzaa. Mwenye shamba akasema ukatwe, unaharibu ardhi bure. Mtunza shamba akamwomba: uache mwaka huu pia, mpaka niuchimbie pande zote na kuutia samadi. Wengi tunasoma habari ya mnara Jumapili moja na habari ya mtini Jumapili nyingine. Lakini ziko mahali pamoja. Watu walikuja na swali la nani alaumiwe, wakaondoka na picha ya mtu mwenye jembe na samadi, anayeuombea mti na kuuhudumia siku ile ile.

Toba hiyo inatuhusu kwa njia mbili, na ni haki tuzitaje zote mbili.

Kwanza, dunia inazidi kupata joto, na dunia yenye joto zaidi hupata mvua kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya moshi ulioleta joto hilo imetoka katika viwanda, magari na mitambo ya nchi tajiri. Mama wa Nyamukubi aliyekuwa akiuza samaki wa ziwa Kivu hakuwa na kiwanda. Mungu anayesikia kilio cha maskini anajua hesabu hiyo, na kanisa halikosei likiisema kwa sauti mbele ya wakubwa.

Pili, mlima uliovuliwa miti haushiki udongo wake, na shoka lililokata miti ile mara nyingi lilikuwa mkononi mwetu. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walipiga kambi karibu na Goma, kando ya mbuga ya Virunga. Hawakupewa kuni za kutosha, na chakula kibichi hakiliki. Wakaingia mbugani kukata. Msitu uliharibika vibaya, na mwaka huo huo mbuga ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Nani alikosea? Aliyeanzisha vita? Aliyeleta unga bila kuni? Aliyeshika shoka? Sisi tuliopitia kambi tunajua kwamba mtoto akilia njaa huulizi swali hilo. Unakata. Lakini baada ya mtoto kushiba, swali linabaki pale pale, linatungoja.

(Muziki mfupi.)

Sasa nikuchukue mbali kidogo, mpaka Niger, nchi kavu ya Afrika Magharibi, pembezoni mwa jangwa la Sahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mkristo mmoja kutoka Australia aitwaye Tony Rinaudo alikwenda huko na mke wake na mtoto wao, katika eneo la Maradi. Alikuwa mtaalamu wa kilimo. Kazi yake ilikuwa kupanda miti. Alipanda miche maelfu, na mingi ilikufa. Ukame uliua, mbuzi walikula, watu waling'oa. Wakulima walimwona kama mtu aliyerukwa na akili, kwani nani apande miti juu ya ardhi ya kulima mtama wakati watu wana njaa?

Siku moja mwaka 1983 alikuwa akiendesha gari lililovuta tela la miche. Akasimama kupunguza upepo kwenye magurudumu ili gari lipite mchangani. Alitazama pande zote, akaona ardhi tupu mpaka macho yanapoishia. Anasimulia kwamba pale pale alimwomba Mungu atusamehe kwa kuiharibu kazi ya mikono yake, na amfumbue macho aone la kufanya. Kisha akaona kichaka kidogo pembeni. Vichaka vile alikuwa amevipita siku zote bila kuvijali. Safari hii alikisogelea akaangalia majani yake. Hakikuwa kichaka. Ulikuwa mti uliokatwa zamani, na kisiki chake kilikuwa kinachipua.

Ndipo akaelewa. Ardhi ile iliyoonekana tupu ilikuwa na msitu mzima chini yake. Mizizi ilikuwa hai. Kila mwaka visiki vilitoa machipukizi, na kila mwaka watu waliyafyeka wakati wa kuandaa mashamba, au mbuzi waliyala. Hakuhitaji tena kuleta miche kwa gari. Kilichohitajika ni watu kukubali kuacha machipukizi machache yakue.

Haikuwa rahisi. Sheria ya wakati ule iliifanya miti kuwa mali ya serikali, kwa hiyo mkulima hakuona faida ya kuulinda mti usio wake. Aliyeacha mti shambani alichekwa, na usiku aliweza kuibiwa. Ikaja njaa ya mwaka 1984. Watu walipewa chakula kwa sharti la kutunza visiki katika mashamba yao. Chakula hicho kilipokwisha, wengi waliikata miti ile tena. Naomba uliangalie jambo hilo, maana sisi wa kambini tunalifahamu: kazi ya kupewa mgao mara nyingi inakwisha na mgao. Lakini wapo wachache ambao walikuwa wamejionea wenyewe. Mtama ulikuwa umesimama vizuri penye kivuli na majani yaliyooza. Upepo haukufunika miche yao kwa mchanga. Kuni walizipata shambani mwao. Hao hawakukata. Wakulima wengine waliwaona, wakawaiga, na jirani akamfundisha jirani. Wakuu wa misitu wa eneo lile nao walilegeza sheria, mkulima akaruhusiwa kufaidi miti aliyoitunza. Katika miaka ishirini hivi, miti ilirudi katika eneo la hekta milioni 5 hivi za Niger. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo, lakini waliofanya kazi yenyewe ni wakulima maskini wenye visu na mapanga. Njia hiyo imefika hata Dodoma, Tanzania, ambako wakulima wanaiita kisiki hai.

(Muziki mfupi.)

Ndugu msikilizaji, mpaka hapa labda unasema, "Ile ni Niger. Mimi sina shamba. Nina mita chache kati ya nyumba yangu na ya jirani." Basi tuanzie kwenye hizo mita chache.

Kuni ni za kubana kwanza kabla ya kutafuta nyingine. Loweka maharagwe tangu usiku, yataiva haraka na hayatakula kuni nyingi. Funika chungu. Pasua kuni ziwe nyembamba na uzikaushe kabisa, kwa sababu kuni mbichi inatoa moshi mwingi na moto kidogo, na moshi ule unaingia kifuani mwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Kama bado unapikia mafiga matatu penye upepo, mwombe mwenzako mwenye jiko la udongo akuonyeshe jinsi alivyolifinyanga. Ukipika zima kuni iliyobaki, kesho itakufaa.

Kisha tafuteni visiki. Ndani ya kambi waulizeni kwanza viongozi wa kambi. Nje ya kambi msiguse kitu bila kuzungumza na wenyeji na viongozi wa kijiji, tena nendeni pamoja, wazee wa pande zote mbili. Kisiki kikishapatikana, kazi ni nne. Chagueni machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu. Pogoeni mengine na matawi ya chini, na hayo tayari ni kuni za siku hiyo. Fungeni kitambaa kwenye shina kama alama, ili kila apitaye ajue mti huu unatunzwa. Na mlinde, hasa kwa mbuzi. Watoto wa shule ya Jumapili wanaweza kupewa kila mmoja kisiki chake. Mtoto anajua kulinda kitu alichopewa jina lake.

Mwenyeji akiona wakimbizi wanatunza mti ambao wao hawatakaa kuuvuna, ataanza kuzungumza nao kwa namna nyingine. Kumbuka, yeye naye ni maskini. Ardhi yake ilipokea watu wengi kwa siku chache, na hakuna aliyemwuliza. Kuitafutia amani nchi tuliyopelekwa kunaanzia kwake, kwenye mpaka wa shamba lake.

Na nyie wanaume, sikilizeni. Tunawaacha mama na dada zetu waende porini, halafu tunakaa kucheza karata. Nendeni nao. Wanawake waende kwa kundi, wasiende mmoja mmoja. Na kama dada yetu amefanyiwa ukatili huko, asifichwe. Afike kituo cha afya haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu zipo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinazofaa ndani ya muda huo tu. Hata saa hizo zikipita, bado aende, matibabu mengine yapo. Kanisa lisimwulize alivaa nini wala alifuata nini. Kanisa limshike mkono mpaka mlangoni pa daktari.

(Muziki mfupi.)

Nimekuwa nikizungumza juu ya miti, lakini umeshaelewa kwamba visiki vingine vina miguu.

Yupo binti aliyepata mimba akiwa darasa la saba. Aliacha shule, akaacha na kwaya, kwa sababu alisemwa. Watu wanampita kama Rinaudo alivyokuwa akivipita vichaka vile. Yupo kijana anayeshinda na simu akisambaza maneno kwamba kabila fulani ndilo linaloiba, kabila fulani ndilo linalopendelewa kwenye mgao. Alishuhudia mambo mabaya utotoni na hakuna aliyewahi kukaa naye. Yupo mchungaji mzee aliyekuwa na kanisa kubwa huko kwetu, leo hakuna anayemwuliza neno. Yupo baba aliyekuwa fundi seremala mwenye sifa, sasa anakunywa pombe tangu asubuhi kwa sababu mikono yake haina kazi.

Tukiwa na haraka tunasema watu hawa wamekwisha, tulete wengine. Tunasubiri shirika lije na mradi, na mradi uje na miche mipya. Mashirika yanafanya kazi njema na tunayashukuru. Lakini mizizi iliyoko hapa ni mirefu kuliko mradi wowote. Binti yule anajua kusoma. Mpeni watoto wa darasa la kwanza awafundishe herufi mchana, na mtoto wake abebwe na bibi mmoja wa kanisani. Seremala yule mpelekeeni vijana wawili na msumeno mmoja. Kijana wa simu msimfokee mbele ya watu. Mtu mmoja anayemheshimu aketi naye, amwulize habari hii ameitoa wapi, na ni nani ataumia ikiwa si kweli. Kupogoa ni kukata kidogo, pale panapostahili, ili kinachobaki kipate nguvu.

Sasa, sipendi nikudanganye kuhusu tumaini. Maneno juu ya kisiki tunayapata kwa Ayubu, sura ya 14. Ayubu anasema mti una tumaini: hata ukikatwa, hata mzizi wake ukizeeka na kisiki chake kikafia mavumbini, harufu ya maji tu yatosha, nao utachipuka. Tukifika hapo tunafunga Biblia kwa furaha. Lakini Ayubu hakuishia hapo. Aliendelea akalalamika kwamba mwanadamu si kama mti. Mwanadamu akifa amelala, haamki. Ayubu aliwazika watoto wake wote. Alikuwa akimwambia Mungu: mti umeupa tumaini, mimi je?

Kama umezika mtoto njiani ukikimbia, ukafunika kaburi kwa majani na kuendelea kutembea, swali la Ayubu ni lako. Mti wowote utakaopanda hautamrudisha. Usimruhusu mtu yeyote akuambie upesi kwamba yote ni heri.

Sisi Wakristo tunaamini kwamba Mungu alijibu swali hilo, na hakulijibu kwa hotuba. Alimjibu Ayubu kwa kaburi lililobaki wazi bustanini. Yohana anasimulia kwamba Mariamu Magdalene alipomwona Yesu asubuhi ile alimdhania ni mtunza bustani. Mimi sidhani kwamba alikosea sana. Yule yule aliyesimulia habari ya mtu mwenye jembe na samadi ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake, akamwita kwa jina.

Kwa sababu hiyo tunaweza kutunza mti bila kujua kama tutaukalia kivuli chake. Kama tutarudi kwetu, tutarudi tukiwa watu wanaojua kurudisha uhai mlimani, na milima ya Kalehe na ya Burundi itatuhitaji. Kama tutahamia mbali, mwenyeji aliyetupokea atabaki na kivuli. Na kama tutafia hapa, tutazikwa katika ardhi tuliyoitendea mema.

(Muziki unaanza chini ya sauti.)

Kwa wiki hii nakuomba ufanye jambo moja tu. Tembea kuzunguka bloku yako, taratibu, ukiangalia chini. Tafuta kisiki kimoja kinachochipua. Na tafuta mtu mmoja ambaye umekuwa ukimpita. Kwa mti, muulize kiongozi wako kama mnaweza kuutunza. Kwa mtu, piga hodi, kaa naye, umsikilize.

Na kwa jirani yetu Mwislamu uliyekuwa nasi tangu mwanzo, asante. Kuni zetu ni za msitu mmoja, na kazi hii haituulizi tunasali wapi.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika kambi yetu, ni nani anayebeba mzigo wa kutafuta kuni, na wengine tumsaidieje?

2. Ahadi kama za Hanania tumezisikia wapi? Tutamlindaje mwenzetu asidanganywe?

3. Tungetaka kuwaambia nini wenyeji wetu kuhusu miti, na nani aende kuzungumza nao?

4. Ni nani kati yetu tuliyemhesabu kuwa amekwisha, kumbe bado anachipua?

Mungu akutunze, wewe na nyumba yako. Tukutane tena wiki ijayo, siku na saa kama hii. Kwaheri.

(Muziki unapanda, kisha mwisho.)